Fundi Aliyeacha Akiba Kwenye Pindo

Ukimuuliza Fundi nguo yako iko wapi, hakukujibu habari za nguo, alikujibu habari za Mungu. Kwanza alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lake. Kisha alikutazama kwa huruma, utadhani wewe ndiye uliyechelewa, akasema: "Dada, nguo ina siku yake. Siku yake bado." Ulikuwa umekuja na hasira tangu nyumbani, maneno umeyapanga njia nzima, na sasa unajikuta unaitikia "amina" bila kujua kwa nini.

Mimi nilikuwa na duka la vitambaa pale mtaa wa Gitega, kwenye barabara inayoteremkia Biryogo, na Fundi alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka langu. Ndivyo kazi yetu ilivyokwenda: mteja ananunua kitambaa ndani kwangu, anatoka nacho nje, anapimwa papo hapo barazani. Kwa hiyo kila aliyedanganywa na Fundi aliingia dukani kunilalamikia mimi. Sauti yake niliisikia kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, kuliko hata ya marehemu mume wangu. Nikifumba macho leo naisikia, pamoja na harufu ya pasi ya mkaa na chapati za yule mama wa ng'ambo ya barabara.

Neno lake lilikuwa moja: imeandikwa. Sindano ikivunjika, imeandikwa. Mvua ikinyesha siku ya harusi, imeandikwa. Timu yake ya mpira ikifungwa, ilikuwa imeandikwa. Ikishinda, siku hiyo aliwasifu wachezaji. Vita vilipoanza kule mpakani mwaka wa tisini, barabara ya Uganda ikafungwa na bei ya kitenge ikapanda mpaka wateja wakawa wanaingia dukani kushika tu na kuondoka. Mimi nilikuwa nalia na kulaani. Yeye alikanyaga cherehani yake taratibu.

"Imeandikwa, dada."

"Na nani? Maana mwandiko wake mimi siusomi."

"Si kila mwandiko ni wa kusomwa."

Nilitamani kumtupia mita ya mbao niliyopimia vitambaa. Ninaswali, ninafunga, sijamkosea Mungu adabu. Lakini mume wangu aliniachia duka lenye majora mawili na panya, na nililijaza kwa miguu yangu mwenyewe. Mtu akiniambia kwamba yale yaliandikwa, naona kama ananiibia.

Tulikuwa na mtu wa tatu katika ubishi huo, dereva wa basi dogo la kwenda Butare, aliyepanga chumba nyuma ya duka langu. Yeye aliamini bahati tu. Alikuwa na kofia moja nyekundu, haivui, haifui, kwa sababu aliwahi kupata ajali mbaya akiwa ameivaa akatoka bila mchubuko. Alikuja barazani kushonewa viti vya gari, akakaa juu ya kibao na kuchochea.

"Muzee, mimi sikubali. Hii dunia iko kama karata. Unachanganya, unagawa. Wewe unapata muzuri, mwingine anapata mubaya. Hakuna mutu ameandika kitu."

"Na anayechanganya karata ni nani?" Fundi alimuuliza.

"Oya, Muzee, unanipeleka mbali!"

Tulicheka. Nikikumbuka miaka ile ninaona kwamba tulicheka sana, ingawa amri ya kutotoka usiku ilikuwepo, ingawa redio ilianza kusema maneno mabaya na watu walianza kuteremsha sauti wakitaja majina. Tulicheka kwa sababu Fundi alikuwa kichekesho bila yeye kukusudia. Mtu huyu aliyeamini kwamba yote yameandikwa aliifunga cherehani yake kwa kufuli mbili. Alitembea na mwavuli hata jua likiwaka. Alikupima mabega mara tatu, na mara ya tatu alikutazama kwa wasiwasi, kana kwamba ulikuwa unampunguzia makusudi.

Na zaidi ya hayo kulikuwa na akiba. Hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe na akina mama wote wa Gitega na Biryogo, pamoja na uongo wake. Kila gauni la mtoto, kila sare ya shule, aliikata ndefu kuliko mtoto mwenyewe. Kitambaa kilichozidi alikikunja ndani ya pindo, akakishika kwa mshono mlegevu ambao mama yeyote angeweza kuufumua akiwa amekaa jikoni. Mtoto akirefuka, unafumua, gauni linashuka, na mwaka mwingine umeupata bila kununua nguo. Mafundi wengine nao waliacha kidogo. Yeye aliacha upana wa kiganja kizima, na watoto aliowashonea ungewatambua kwa mbali kwa vile gauni lilivyokuwa zito chini. Mabibi harusi nao aliwaachia kiunoni, akisema watazaa, wakakasirika.

Siku moja nilimbana. "Fundi, kama yote yameandikwa, akiba ya nini? Urefu wa mtoto si umeandikwa pia?"

"Umeandikwa, ndiyo. Lakini mimi sikuonyeshwa. Wewe ulionyeshwa?"

"Sikuonyeshwa."

"Basi tuache akiba."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba imani yake ilikuwa uvivu uliovaa kanzu. Nilibadili mawazo alasiri moja ya mvua, barabara imegeuka tope jekundu na hakuna mteja. Nilimtania tena juu ya gauni la mtu lililochelewa, na badala ya kunijibu kwa mzaha akaacha kukanyaga cherehani. Akaniambia habari za mke wake. Aliugua homa wakati binti yao hajaanza hata kutembea. Jioni homa ikashuka, Fundi akaona ni afadhali angoje asubuhi ndipo ampeleke hospitali. Asubuhi hakukuwa na wa kupelekwa.

"Baada ya maziko nilirudi kazini," alisema. "Nikikanyaga hii mashine nasikia neno moja tu. Kama. Kama ningempeleka jioni. Kama ningeazima gari. Kama, kama, kama. Hilo neno ni mchwa, dada. Nyumba unaiona imesimama, kumbe ndani imeliwa. Nilikuwa sili, silali, na mtoto analia pale. Ndipo mzee mmoja msikitini akaniambia, siku yake ilikuwa ile, hata ungempeleka Ulaya. Siku hiyo nikalala."

"Ukaamini?"

"Sikuuliza kama ni kweli. Nimekwambia nililala."

Nadhani ndipo nilipoanza kumpenda mzee yule, kama unavyompenda ndugu ambaye hukumchagua. Niliendelea kumtania, lakini nilijua mipaka.

Binti yake yeye hakujua mipaka. Alikuwa msichana mrefu wa shule ya sekondari, mwenye uso mwembamba na shingo ya mama yake, na alifanyia kazi zake za shule kwenye kona ya baraza, miguu imenyooshwa njiani ili wateja wajikwae. Baba yake akimwambia, "Niletee maji," alimjibu bila kuinua kichwa: "Maji yana siku yake, Baba. Siku yake bado." Fundi alijifanya kukasirika. Mimi niliuona mdomo wake ukitetemeka kwa kicheko kati ya zile pini.

Nguo ya binti huyu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kila Idi. Wakati wa Ramadhani baraza ilijaa vitambaa mpaka mlango wangu haufunguki, na Fundi aliahidi dunia nzima. Binti alingoja watu wote waishe. Idi ya mwaka wa tisini na nne alichagua kitenge cha manjano dukani kwangu, nikamkatia kwa bei ya mtoto wangu. Baba yake alimaliza gauni lile usiku wa kuamkia Idi, na akaacha akiba ambayo sijawahi kuona nyingine kama ile. Binti akazunguka mbele yangu barazani akicheka: "Mama, tazama! Baba anataka niwe mrefu kama mnara wa msikiti!"

Likizo ya Pasaka ilipofika alitaka kwenda Butare kwa dada mkubwa wa mama yake. Siku hiyo nilikuwa kituo cha mabasi cha Nyabugogo kupokea mzigo wangu wa vitambaa kutoka Tanzania, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Magari ya Butare yalikuwa yamejaa, watu wanapandia madirishani, wapagazi wanapiga kelele. Binti alikuwa na gauni lake la manjano na kikapu. Alichoka kusimama.

"Baba, turudi tu nyumbani," alisema. "Nitaenda wiki ijayo."

Na mimi nikasema, "Mrudishe, Fundi. Mambo hayako vizuri siku hizi. Wiki ijayo si mbali."

Fundi akatikisa kichwa akitabasamu, mwavuli kwapani. "Kama safari imeandikwa, gari litapatikana."

Hapo hapo tukasikia honi. Yule dereva wetu alikuwa anatoka, kofia yake nyekundu imechungulia dirishani, abiria mmoja ameshuka kwa kugombana naye juu ya mzigo. "Muzee! Ni mutoto wako? Iko nafasi moja. Una bahati, mutoto, ingia!" Binti akapanda, gauni likanasa kwenye mlango, akalivuta akicheka. Fundi akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda ubishi. "Umeona, dada?" Nilimwambia nimeona.

Siku chache baadaye ndege ya rais iliangushwa, na mauaji yakaanza. Hayo wengine wameyasimulia na watayasimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilitoka mjini na watoto wangu, tukatangatanga, nikarudi baada ya vita kusimama mwezi wa saba. Duka langu lilikuwa kuta na mlango uliovunjwa. Dereva sikumwona tena, wala sijapata wa kuniambia alikufa wapi.

Fundi alikuwepo. Alikuwa barazani kwangu, na cherehani yake, kama vile hakuwahi kuondoka. Majirani ndio walionisimulia yaliyotokea, maana yeye hakusema. Walisema kwamba chumba chake kule Biryogo kilijaa watu waliokuwa wanawindwa, na kwamba wauaji walipokuja alisimama mlangoni akabishana nao, mara ya kwanza na ya pili, akatoa alichokuwa nacho, wakaondoka. Miongoni mwa aliowaficha alikuwepo mama mmoja na binti yake mdogo.

Binti yake mwenyewe aliuawa. Jirani wa yule mama mkubwa ndiye aliyeleta habari: walijaribu kukimbia, wakasimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha wauaji barabarani, na siku zile uso mwembamba na shingo ndefu vilitosha kumhukumu mtu kuwa wa kabila lililowindwa. Mahali alipozikwa hakuna aliyepajua.

Nilianza kukaa naye tena barazani, mimi bila vitambaa, yeye akishona chochote watu walicholeta: mapazia, mashuka, blanketi za misaada. Haikuchukua muda nikaona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Fundi alikuwa hachelewi. Ukiambiwa Jumatatu, Jumatatu unaikuta nguo imekunjwa, imepigwa pasi, inakungoja. Wageni, wakimbizi wa zamani waliorudi kutoka Uganda na Burundi, walimsifu sana. "Fundi wenu anashika ahadi," waliniambia, na mimi nilitamani kulia. Neno lake nalo lilikuwa limekwisha. Nilimsikiliza kwa wiki nyingi, sikulisikia hata mara moja.

Mara moja tu lilitamkwa barazani, na aliyelitamka hakuwa yeye. Alikuja mwanamume mmoja tuliyemjua, wa mtaa wa juu, ambaye alikuwa amesimama bariyeri wakati ule. Alitaka kupunguziwa suruali. Akaanza mazungumzo, labda kwa sababu ukimya ulimtisha.

"Muzee, pole kwa mutoto. Ni Mungu alipanga. Ilikuwa imeandikwa, tungefanya nini?"

Fundi aliinuka. Sijawahi kumwona ameinuka vile. "Mungu hakusimama bariyeri," alisema. "Mlisimama nyinyi. Mliamka asubuhi, mkavaa, mkaenda. Chukua suruali yako." Yule mtu akaichukua na kuondoka. Fundi aliketi, akapitisha uzi kwenye sindano, ukakataa kuingia, akajaribu tena na tena.

Siku ninayotaka kuisimulia mwishoni, mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Alikuja yule mama aliyefichwa, na binti yake mdogo, wakiwa na shuka la kijani. Shule ilikuwa imefunguliwa na mtoto hakuwa na nguo. Fundi akampima, mara moja tu, akalitandaza shuka na kuchora kwa chaki. Mama akampeleka mtoto bombani kunywa maji. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao alichokaa yule dereva zamani, nikaiona ile chaki inapopita. Ilipita sawasawa na urefu wa mtoto, haikuzidi hata kidole.

"Fundi, hujaacha akiba."

"Litamtosha."

"Litamtosha leo."

Alishika mkasi lakini hakukata. Kisha akasema, macho yako kwenye shuka: "Wewe ulikuwepo Nyabugogo."

"Nilikuwepo."

"Alitaka kurudi nyumbani."

"Alitaka."

"Na wewe ulisema nimrudishe. Basi niambie wewe. Msikitini wananiambia ya kunilaza, na silali. Wewe hukuwahi kunikubalia. Ilikuwa imeandikwa, au ni mimi?"

Miaka yote ile nilikuwa nangoja kumshinda mzee huyu katika ubishi wetu, na sasa alikuwa ameniwekea ushindi mkononi. Sikuutaka. Ningeweza kumwambia imeandikwa, akajua kwamba namwonea huruma. Ningeweza kumwambia jambo jingine, na lingemuua. Nilimtazama yule mtoto bombani, anakunywa kwa viganja, maji yanamwagikia kifuani.

"Ulimpandisha gari aende kwa mama yake mkubwa," nilisema. "Hukumpeleka bariyeri."

"Hilo nalijua. Wale walichagua. Nauliza langu."

"Na yule pale je? Walipokuja, nani alisimama mlangoni?"

"Yule aliokolewa na Mungu."

"Nimeuliza nani alisimama mlangoni."

Akauweka mkasi chini.

"Fundi, unafanya ujanja ambao hujawahi kumfanyia mteja. La Nyabugogo unalibeba peke yako, la huyu mtoto unampa Mungu peke yake. Kama lile lilikuwa wewe, basi na huyu ni wewe. Na kama huyu ameandikiwa kuishi, basi aliyeandika ni yule yule. Huwezi kujikatia mabaya yote na kujinyima mazuri yote."

"Na wewe unaamini lipi?"

"Mimi sijui," nilisema. "Sikuonyeshwa."

Aliinua macho akanitazama. Alilijua lile neno, lilikuwa lake. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke, na mimi yangu nikayaacha. "Basi," alianza, lakini hakumaliza. Akalamba kidole gumba, akaifuta ile chaki. Akasogea chini, upana wa kiganja kizima, akachora upya.

Mama akarudi na mtoto. "Fundi, nirudi lini?"

"Alhamisi, inshallah."

Alhamisi nilikuwa barazani tangu asubuhi. Mama akaja. Lile shuka la kijani lilikuwa bado limekunjwa chini ya mguu wa cherehani. Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lake, akamtazama kwa huruma.

"Dada, nguo ina siku yake. Siku yake bado."

"Amina," nikamsikia yule mama akiitikia, na mimi nikaingia ndani ya duka langu lisilo na kitambaa hata kimoja, nikalia kwa furaha.